Mpaka wa Jirani Yako

(Mazungumzo ya asubuhi katika redio. Somo: Kumbukumbu la Torati 27:11–26)

 Tuko Ruring'u, hapa mjini Nyeri. Twajua kwamba wengine wenu mmekwisha kukamua ng'ombe, na sasa mnakunywa chai upesi ili mwende shambani. Hatutawachelewesha sana. Lakini kabla hujachukua jembe, tuna neno juu ya jembe hilo.

Katika somo letu taifa la Israeli limegawanyika pande mbili, makabila sita upande wa mlima Gerizimu na sita upande wa mlima Ebali. Walawi wanatangaza laana kwa sauti kuu, na kila laana ikitajwa watu wote wanaitika Amina. Mstari wa 17 unamtaja mtu anayeondoa alama ya mpaka wa jirani yake. Hebu tazameni amewekwa katikati ya nani. Kabla yake ametajwa mwenye kumdharau baba yake na mama yake. Baada yake ametajwa mwenye kumpoteza kipofu njiani. Twadhani hakuwekwa hapo kwa bahati tu. Mwenye kusogeza mpaka humdharau mzazi aliyeupanda, tena humwibia mtu asiyeona: mtoto asiyejua mpaka ulipita wapi, mjane ambaye hakuwapo siku ya kupima, au jirani aliye kazini Nairobi anayerudi nyumbani Krismasi kwa Krismasi. Na dhambi nyingi katika orodha ile ni za sirini, ambazo hakuna askari aliyeziona. Ndiyo maana watu waliamriwa waitike wenyewe, ili kila mmoja ajihukumu kwa kinywa chake.

Wazee wetu wa Kianglikana hawakuiacha laana hiyo. Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 kina ibada iliyowekwa kwa siku ya kwanza ya Kwaresima, na ndani yake laana ya mpaka husomwa kanisani nao watu huitika Amina. Siku hizi ibada ile haisomwi sana. Pengine twaiona ni kali mno. Lakini katika parishi zetu za huku mlimani ingefaa isomwe, na isomwe polepole.

Maana mpaka husogezwaje huku kwetu? Si kwa trekta usiku. Husogezwa kwa jembe, mchana, na mtu anayeimba wimbo wa Kikristo. Tuna mvua mbili kwa mwaka, ile ya Machi na ile ya Oktoba. Kila msimu mtu akilima hula kidogo tu upande wa pili, upana wa kiganja, sentimita kumi hivi. Nani atagombana kwa sababu ya kiganja? Lakini misimu miwili kila mwaka kwa miaka ishirini ni misimu arobaini, na viganja arobaini ni mita nne. Ukiwa na robo ekari, mita nne kwa urefu wa shamba ni mahindi ya watoto. Mwingine halimi, bali hupogoa ua. Hukata kaiyaba upande wake tu kila mwaka, na ua ule humea kuelekea kwa jirani kama mtu anayesukumwa taratibu kitandani. Mwingine hupanda mikalitusi pembeni kabisa, halafu hushangaa kwamba mahindi ya jirani hayapandi juu. Yeye hakuvuka mpaka. Mizizi yake ndiyo iliyovuka.

Wazee wa Kikuyu waliijua tabia hii ya jembe. Kabla ya karatasi na ramani walipanda itoka mpakani, ua lile lililo kama yungiyungi, lenye shina nene chini ya udongo, lisilokufa upesi. Halikupandwa na mtu mmoja peke yake. Wazee walikusanyika, kondoo akachinjwa, na mpaka ukapitiwa hatua kwa hatua mbele ya pande zote mbili. Kung'oa itoka lilikuwa jambo la kuogofya. Sisi hatusemi turudi kwa kondoo yule. Kondoo wetu alikwisha kuchinjwa mara moja, na yatosha. Lakini wazee wale walijua jambo ambalo sisi wenye hati tumelisahau, kwamba mpaka hupandwa mchana, mbele ya mashahidi, nao majirani wote wawili wakiwa wamesimama pale.

Kisha ikaja miaka ya 1950. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilileta Mpango wa Swynnerton, na huku Nyeri, kama vile Kiambu na Murang'a, vipande vya mashamba vilivyotawanyika vikaanza kukusanywa kuwa shamba moja la kila mtu. Sheria ya kuyaandikisha ikafuata mwaka 1959. Kazi yenyewe ilikuwa na faida zake, hatukatai. Lakini fikirini ilifanywa wakati gani. Maelfu ya wanaume walikuwa kizuizini, wengine walikuwa msituni Nyandarua na Mlima Kenya, na wake zao walikuwa wamefungiwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki. Waliokaa katika kamati za kugawa walikuwa ni wale waliokuwako nyumbani na walioaminiwa na serikali. Desemba 1963, baada ya uhuru, wapiganaji walitoka msituni na kuweka silaha zao chini hapa hapa Ruring'u, katika uwanja wetu. Walipofika nyumbani, wako waliokuta ramani imekwisha kuchorwa, na mahali pa shamba la baba pakiwa na jina la mtu mwingine, au pamepunguzwa, au pamehamishiwa kwenye mteremko wa mawe.

Twayasema haya si kufukua makaburi. Twayasema kwa sababu majirani wawili wa Tetu au Mathira wanapopigana kwa ajili ya mita moja, mara nyingine hawapiganii mita ile. Babu wa mmoja alikuwa homugadi, babu wa mwingine alikuwa msituni, na hakuna aliyewahi kulisema jambo hilo mezani. Mchungaji au mzee wa kanisa anayeitwa kupatanisha na ajue kwamba huenda ameitwa kwa sababu ya mwaka 1956. Akija na kamba ya kupimia tu, atapima vizuri na hatapatanisha mtu.

Juu ya kupima kwenyewe, kuna jambo linalowashangaza wengi. Mtu hushika hati yake ya kumiliki ardhi kama Musa alivyoshika mbao za mawe, akidhani karatasi ile inajua mpaka uko wapi hata kwa upana wa kidole. Haijui. Ramani nyingi za mashamba yetu zilichorwa kwa kufuata nyua zilizopandwa, na kipimo chake ni 1:2,500. Mstari wa kalamu wenye unene wa nusu milimita juu ya ramani hiyo ni mita moja na robo juu ya udongo! Kwa hiyo wewe na jirani yako mwaweza kuwa mnagombania unene wa kalamu ya mtu aliyekwisha kufa. Sheria yenyewe yakiri hivyo. Sheria ya Uandikishaji wa Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 18, yasema kwamba ramani huonyesha mpaka kwa kukadiria tu, isipokuwa mpaka uwe umethibitishwa rasmi na kuandikwa hivyo katika daftari. Tena yasema mahakama haitasikiliza ugomvi wa mpaka wa ardhi iliyoandikishwa kabla mpaka huo haujaamuliwa na msajili wa ardhi. Basi anayekimbilia kwa wakili kwanza ameanzia mwisho. Peleka ombi kwa msajili. Yeye huwaita pande zote mbili, huja shambani pamoja na mpima, na huwasikiliza. Tena kung'oa au kuharibu alama ya mpaka bila ruhusa ni kosa la jinai, hata kama unaamini kwamba alama hiyo iko mahali pasipofaa.

Zamani kidogo tulikuwa na mabaraza ya wazee ya kuamua magomvi ya ardhi kwa sheria ya mwaka 1990. Yaliondolewa mwaka 2011 ilipoundwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Lakini wazee hawakufutwa. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 60 na cha 159, yahimiza magomvi yapatanishwe katika jamii. Mlango uko wazi, na ni wa bei rahisi. Tumewaona watu waliouza ng'ombe wa maziwa kulipia kesi, kisha miti, kisha kipande cha shamba lenyewe, ili washinde mita mbili. Mita mbili walizipata.

Mwaka mmoja tuliitwa na mama mjane katika kijiji kimoja cha parishi yetu. Mumewe alikuwa amefariki, na kabla ya mwaka kwisha shemeji yake, aliyepakana naye, alikuwa amesogeza seng'enge hadi mstari wa pili wa kahawa. Mama alisema, "Mchungaji, mimi sitaki kesi na baba ya watoto wa ndugu yake. Nataka tu aje asimame hapa, aniambie mbele ya watu kwamba kahawa hii si ya marehemu." Hatukuketi ofisini wala kanisani. Tulikwenda shambani siku ya Jumamosi, pamoja na naibu wa chifu, wazee wawili ambao si wa ukoo huo, na watoto wa nyumba zote mbili. Tulitembea mpakani kimya. Karibu na kisima mzee mmoja aliinama akafukua kwa fimbo yake, na pale palikuwa na shina la itoka, limekatwa lakini li hai. Akamgeukia shemeji akamwuliza, "Siku tulipopanda hii, ni nani aliyekuwa akibeba ndoo ya maji?" Shemeji alikuwa mtoto wa miaka tisa siku ile, na ndiye aliyebeba ndoo. Alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akasema seng'enge itarudi. Ilirudi Jumanne. Hawa wawili hawajaanza kutembeleana. Shemeji hupita njia ya chini ili asikutane na mama. Lakini kahawa huchumwa na wenyewe.

Wako watakaosema mama yule angesamehe tu, amwachie Mungu. Hukumbusha habari za Isaka, Mwanzo 26, ambaye alinyang'anywa kisima akaenda akachimba kingine, na kingine tena. Ni kweli, na kuna amani nyingi katika kumwachia mtu kisima. Lakini Isaka alikuwa na nchi pana mbele yake ya kuchimba. Mjane mwenye robo ekari atakwenda wapi? Nabothi naye alikataa kuutoa urithi wa baba zake, hata mbele ya mfalme, na Maandiko hayamlaumu, yanamlaumu Ahabu. Mithali 15 yasema Bwana mwenyewe ndiye anayeuimarisha mpaka wa mjane. Basi tusimhubirie aliyenyang'anywa habari za kusamehe kabla hatujamhubiria mnyang'anyi habari za kurudisha. Zakayo alirudisha. Tena mtu aweza kusamehe kabisa, asichukie, asalimie asubuhi, na bado akapeleka ombi kwa msajili, kwa maana shamba si lake peke yake bali ni la watoto.

Bwana wetu alipoombwa na mtu awagawanyie urithi yeye na nduguye, Luka 12, alikataa kuwa mgawanyaji, akaigeukia tamaa iliyo moyoni. Kwa hiyo sisi wachungaji tusishike kamba. Kamba ina mwenyewe. Wala tusipokee mbuzi kutoka upande wowote, hata kama ameletwa kwa jina la sadaka. Kazi yetu iko mahali pengine, na Kitabu cha Sala chaitaja waziwazi: mhudumu asiwakaribishe Mezani mwa Bwana watu ambao ameona chuki inatawala kati yao, mpaka wapatane. Na mmoja akiwa tayari kwa moyo kusamehe na kutengeneza alipokosa, na mwingine akakataa, basi yule wa kwanza akaribishwe na yule mkaidi asikaribishwe. Je, hili latendeka? Jumapili kwa Jumapili wako wanaopiga magoti bega kwa bega, wakinywea kikombe kimoja, na kila mmoja ana karatasi ya kortini katika mfuko wa koti.

Huko Uingereza ilikuwa desturi ya kale kwamba katika siku za kuombea mazao, kabla ya Kupaa kwa Bwana, mchungaji na watu wake, wazee kwa watoto, waliizunguka mipaka ya parishi kwa miguu wakiomba. Kasisi George Herbert, aliyefariki mwaka 1633, aliisifu desturi hiyo kwa kuwa ililinda mipaka na kupatanisha majirani waliokuwa wakitembea pamoja. Nasi twaweza kufanya vivyo hivyo. Kabla ya mvua ya Machi, mwite jirani yako. Nendeni pamoja na watoto wenu, wavulana na wasichana, maana wasichana nao ni warithi kwa sheria. Tembeeni kutoka kona hadi kona. Pogoeni ua pande zote mbili siku moja. Kama kuna mahali msipoelewana, pawekeeni kijiti na msilime hapo mpaka apatikane wa kuwasaidia. Na wewe mzee uliye hai, usingoje hadi kitanda cha hospitali ili uonyeshe mpaka.

Na tuombe. Ee Mungu, Mwenye nchi na vyote viijazavyo, sisi ni wageni na wapangaji kwako. Wakumbuke wajane na yatima ambao mashamba yao yanapungua kila msimu. Wape ujasiri wazee wanaojua mpaka ulipita wapi nao wamenyamaza. Uwe pamoja na wasajili na wapima wanaotoka leo kwenda mashambani, wasipindwe kwa zawadi. Na yule anayekwenda asubuhi hii kulima pembeni mwa shamba lake, uushike mpini wa jembe lake. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.