Usalama na Taaluma katika Shule za Bweni: Tulichojifunza kwa Kidato cha Sita cha 2020

Ndugu Mwenyekiti, wakuu wa shule, walimu wa taaluma, matroni na patroni,

Mlinipa mada yenye sehemu mbili: hatua za usalama wakati wa korona, na mafanikio ya wanafunzi katika kipindi hicho. Nitazizungumzia kwa pamoja, kwani kwenye shule ya bweni hazitenganishiki. Naamini kidato cha sita cha 2020 kilifanya vizuri kwa sababu kilipata nafasi: nafasi bwenini, nafasi bwaloni, na mwalimu asiyezidiwa na wanafunzi. Tukijisifia bidii peke yake, mlipuko mwingine utatukuta tumebanana vilevile.

Tukumbushane kidogo. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Tanzania alitangazwa Machi 16, 2020, huko Arusha. Kesho yake Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akatangaza kufungwa kwa shule. Kidato cha sita kilikuwa kimebakiza wiki chache kiingie kwenye mtihani wa Mei. Vijana wakafunga matranka, wakaenda nyumbani bila kujua watarudi lini. Waliitwa tena Juni 1, wao pamoja na wanafunzi wa vyuo, na mtihani ukapangwa kuanza Juni 29. Walibaki na wiki nne tu.

Mlezi wa bweni yeyote aliyekuwapo anajua zilivyokuwa. Shule iliyojengwa kwa vidato kadhaa ilikuwa na kidato kimoja. Kwenye vitanda vya ghorofa iliwezekana kulala chini tu, juu pakaachwa wazi. Foleni ya chakula ikawa fupi. Siku za wazazi kutembelea zilisimama, na vyakula vya kuletwa kutoka nyumbani vikazuiwa getini. Mwalimu aliyezoea kugawanyika madarasa manne alikuwa na moja. Aliweza kusahihisha jioni na kurudisha madaftari asubuhi. Hatua iliyowekwa kuwakinga watoto na maradhi ndiyo iliyowapa ufundishaji ambao kwa miaka mingi tumeukosa. Jambo hili halisemwi vya kutosha, nami naomba liandikwe kwenye maazimio yetu.

Kuhusu kunawa nina machache. Ndoo za maji tiririka na vibuyu chirizi tuliweka wote. Kibuyu chirizi ni kifaa cha maana hasa, kwa kuwa kinakanyagwa kwa mguu na mkono haugusi kitu ila maji na sabuni. Lakini kituo cha kunawia kinaishi kwa yule anayekijaza. Palipokuwa na zamu ya wanafunzi, yenye kiranja wa afya anayeulizwa paredini, maji yalikuwapo hadi usiku. Palipoachiwa mlinzi au mpishi, kufikia saa nne asubuhi ndoo ilikuwa tupu, na bango la "Nawa Mikono" likining'inia juu yake.

Vitakasa mikono vilipanda bei madukani, na hapo ndipo maabara ilipoweza kutusaidia. Mchanganyiko wa Shirika la Afya Duniani hauhitaji kiwanda. Kupata lita 10 unachukua mililita 8,333 za ethanoli ya asilimia 96, mililita 417 za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 na mililita 145 za gliseroli ya asilimia 98. Unajazia maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha unauacha saa 72 kabla ya kuutumia. Mwanafunzi wa kidato cha sita anayesoma Kemia anaweza kukokotoa kwa nini kinachopatikana kina ethanoli ya asilimia 80. Kazi hiyo isifanyike bila mwalimu, maana ethanoli hushika moto upesi. Lakini kijana aliyeikokotoa kwa ajili ya mikono ya wenzake ameuelewa ukolezi kuliko aliyeukariri. Hayo nayo ni mafanikio, hata kama hayaandikwi kwenye cheti.

Chumba cha mtihani hakikutusumbua. Taratibu za Baraza la Mitihani zilikuwa zikitaka madawati yaachane tangu zamani.

Matokeo yalitangazwa Agosti, na ufaulu wa kitaifa ulizidi asilimia 98. Shule iliyoongoza, Kisimiri, ni ya serikali, tena ya Arusha, mkoa uleule wa mgonjwa wa kwanza. Nawapongeza walimu wale na vijana wale kwa moyo wote.

Hata hivyo, asilimia hiyo ni ya waliokaa kwenye kiti cha mtihani. Kati ya Machi na Juni kulikuwa na vipindi vya redio na televisheni, na wazazi wenye simu janja walipokea mazoezi kwa WhatsApp. Binti ambaye nyumbani hakuna redio, anayeamkia kisimani na kushinda na wadogo zake, hakuwa likizo wala masomoni. Wapo walioolewa. Wapo waliopata ujauzito, na wakati huo mlango wa shule ulikuwa umefungwa kwao. Hakuna hata mmoja wao anayeonekana kwenye hesabu ya ufaulu.

Vidato vingine navyo vilirudi Juni 29 hiyohiyo, siku ambayo kidato cha sita kilikuwa kinafungua karatasi ya kwanza. Ile nafasi ya wiki nne ikaisha kwa siku moja. Na hatari haijaisha: mkoa wa Kagera umepata mlipuko wa virusi vya Marburg mara mbili tangu hapo, Machi 2023 na Januari 2025, na mabweni yetu mengi yamejaa kama mwanzo.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, kila shule iwe na ratiba ya kurudi kwa awamu, iliyoandikwa na kukubaliwa na bodi kabla ya dharura, ikionyesha kidato gani kinalala wapi na mwalimu gani anabaki na nani. Pili, tufungue madaftari ya mahudhurio ya 2020, tuandike majina ya wasiorudi. Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 ulifungua njia ya kuwarejesha waliokatiza masomo. Wengi wao hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote kutoka shuleni kwamba njia hiyo ipo. Anwani za wazazi wao tunazo, kwenye mafaili yaliyomo ofisini mwetu.