Isilii: Mtaa wa Mali kwa Kauli



Magazeti yameuzoea mtaa huu wa Isilii, yaani Eastleigh ya Nairobi, kwa jina la Mogadishu Ndogo. Mimi jina hilo silikubali, kwa sababu linawafuta watu wengi. Eastleigh ilipoundwa mwaka 1921, wakati serikali ya kikoloni ilipowatenga wakazi wa Nairobi kwa rangi, walioujaza zaidi walikuwa Wahindi, na Wasomali walikuwapo tangu zamani hizo. Baada ya uhuru Wahindi wengi walihama, Wakikuyu wakanunua nyumba zao. Wasomali waliokimbia vita baada ya Rais Siad Barre wa Somalia kuangushwa Januari 1991 walipokelewa na mtaa uliokwisha kuwa na wenyewe.

Wengi walifikia kwenye nyumba za kulala wageni, na mashuhuri kati yake ni Garissa Lodge. Usiku chumba ni cha kulala. Kukicha, kitanda kinapangwa nguo na manukato, na mlango unaachwa wazi kwa wateja. Vyumba vile vikageuka maduka, na majumba ya biashara mnayoyaona leo yakafuata mfano huo.

Mtaji wao ulikuwa nini? Benki haikumjua mkimbizi. Aliyemjua ni ndugu, jirani, kisha mteja wa kila siku. Mzigo ulitolewa kwa mali kauli: chukua, uza, ulete pesa. Kina mama wa Kisomali walichanga ayuuto, mchango wa kupokezana kwa zamu, kama majirani zao walivyochanga katika vyama. Miraa huchumwa Meru, hufungwa kwa majani ya mgomba isinyauke, na huteremshwa Isilii ikiwa mbichi. Maziwa ya ngamia husafiri kutoka Isiolo kwa basi, ndani ya madumu, na kina mama wengine huyangoja Isilii. Mkulima Mmeru, dereva, mchuuzi, Muoromo mwenye hoteli: kila mmoja anamdai mwenzake kitu, na kesho watakutana tena.

Lakini ujirani huo uliwahi kuvunjika, na nisiposema nitakuwa nimewadanganya. Novemba 2012 bomu lililipuka ndani ya matatu hapo hapo Isilii, watu wakafa. Kesho yake vijana waliyapiga mawe maduka na nyumba za Wasomali. Desemba serikali ikawaamuru wakimbizi wa mijini warudi kambini; Julai 2013 Mahakama Kuu ikaibatilisha amri hiyo. Hata hivyo, Aprili 2014, katika operesheni ya polisi iliyoitwa Usalama Watch, maelfu walikamatwa na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Mhalifu ashtakiwe, sipingi. Ninachokipinga kwa moyo wangu wote ni kumfanya mtu mshukiwa kwa sababu ya uso wake na mtaa anaokaa. Na mchuuzi anapozuiliwa, deni lake halilipwi, na hasara inamfikia hata yule mkulima wa Meru.

Wanafunzi wangu wa historia, kazi yenu naitaja hapa mbele ya watu. Kina mama walioanza biashara katika vyumba vile wanazeeka, na wenye nyumba waliowapokea pia. Nendeni mkawasikilize pande zote mbili, mrekodi, na kumbukumbu hizo ziwekwe katika maktaba ya chuo kikuu chetu.