Nani Atatangaza Habari Isiyolipiwa?

(Hotuba kwa wakazi waliokusanyika Molo kuzungumzia mawasiliano ya kaunti)

Nimeombwa niseme juu ya redio na runinga za umma na zile za biashara.

Nianze na viazi. Mkulima wa Kuresoi akiamka alfajiri anataka kujua mambo mawili: kama mvua itanyesha, na gunia linauzwa bei gani Nakuru. Stesheni ya biashara huishi kwa matangazo, na mwenye tangazo anatafuta masikio ya watu watakaonunua sabuni yake au kucheza kamari yake. Bei ya viazi haina kampuni ya kuilipia. Kwa hiyo husukumwa pembeni, muziki ukapewa nafasi. Simlaumu mtu, ndivyo duka linavyoendeshwa.

Redio ya umma haipaswi kuuliza kwanza nani atalipa. Shule zilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, masomo yalipitia redio za KBC, na mtoto asiye na intaneti akapata angalau kitu.

Lakini wenye mvi hapa wanaikumbuka Sauti ya Kenya. Taarifa ya habari ilianza na Rais alikokwenda leo, na wakati mwingine ikaishia papo hapo. Mali ya umma, naam, ila umma ulikuwa wa kusikiliza tu. KTN ilipoanza mwaka 1990, kisha Kameme FM mwaka 2000, watu walipumua. Mama wa kijijini aliweza kupiga simu studioni na kusema kwa lugha yake.

Simu hizo hizo zikatuponza. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ilisikia mashahidi wakizilalamikia redio za lugha za mama kwa uchochezi. Hapa Molo sina haja ya kueleza zaidi.

Ndiyo maana sisemi ya umma ni njema na ya biashara ni mbaya. Kifungu cha 34 cha Katiba kinavitaka vyombo vya serikali vijiamulie habari zao, visipendelee upande, na vitoe nafasi kwa maoni yanayopingana. Hayo mnaweza kuyadai, kwa sababu kodi ni yenu. Mwenye stesheni ya biashara mtamdai nini, zaidi ya kuzima redio?

Sisi wa kaunti nasi tuna deni. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinatutaka tutumie vyombo vinavyowafikia watu wengi zaidi, na kinataja redio za jamii na mikutano ya hadhara. Tangazo la kikao cha bajeti likiwekwa gazetini kwa Kiingereza, karatasi imejazwa, lakini mkulima hajui. Na kuna habari zisizosubiri gazeti. Mafuriko ya Mai Mahiu, Aprili 2024, yaliwakuta watu usiku, wamelala.

Basi kabla ya chai, kila mmoja aniambie: kwenu mnasikiliza stesheni gani, saa ngapi, na kwa lugha gani? Na iko wapi mitaa ambako mawimbi hayashiki? Nina daftari hapa, nitaandika.