Ukimya Ndio Ngao ya Magenge



Bastola humtisha raia, lakini haitoshi kulipa genge la wahalifu maisha marefu. Genge hudumu pale askari anapokubali kufumba macho. Ushahidi wa jambo hilo ulitolewa hadharani katika jiji la New York, nchini Marekani.

Mnamo mwaka 1967 askari kanzu Frank Serpico aliwaarifu wakubwa wake kwamba wenzake walikuwa wakilipwa na wenye kamari haramu. Yeye na mwenzake, David Durk, walibisha hodi mlango baada ya mlango, hata katika ofisi ya Meya. Hapakuchukuliwa hatua ya maana. Gazeti la New York Times lilipoyachapisha madai hayo, Aprili 1970, ndipo Meya John Lindsay alipounda Tume chini ya mwanasheria Whitman Knapp.

Taarifa ya Tume hiyo, ya mwaka 1972, ilieleza jinsi wenye kamari walivyotozwa fedha kila mwezi mithili ya kodi. Fedha hizo ziligawanywa kwa mafungu. Huko Harlem fungu la askari kanzu mmoja liliweza kufikia dola 1,500 kwa mwezi, na mkubwa wake alichukua fungu moja na nusu. Askari mgeni hakupewa kitu kwa muda wa miezi kama miwili, mpaka apimwe uaminifu wake kwa walaji wenzake. Alipohamishwa, alilipwa malimbikizo yake kama kiinua mgongo. Hiyo ilikuwa idara ndani ya idara.

Wakubwa wa polisi walizoea kujitetea kwamba tunda bovu lilikuwa moja tu katika kapu zima. Tume iliukataa utetezi huo. Iliwagawa wala rushwa katika mafungu mawili: wala nyama, ambao huwinda rushwa kwa juhudi, na wala majani, ambao hupokea kile kinachowaangukia. Wala nyama walikuwa wachache. Hata hivyo, Tume ilisema kwamba kiini cha ugonjwa ni wala majani, kwa kuwa wingi wao huipa rushwa sura ya heshima, na anayeifichua huitwa msaliti.

Februari 1971 Serpico alipigwa risasi usoni katika msako wa dawa za kulevya huko Brooklyn. Alipona, na Desemba mwaka huohuo alitoa ushahidi wake mbele ya Tume.

Ugonjwa huo ulirudi. Mwaka 1994 Tume nyingine, ya Jaji Milton Mollen, ilikuta baadhi ya askari wa jiji hilohilo wameacha kuwalinda wahalifu kwa malipo, wakawa wahalifu wenyewe, wakipora na kuuza dawa za kulevya.

Basi, taifa linalotaka kuyavunja magenge lijiulize kwanza: askari mwaminifu anaposema, ni nani anayemsikiliza, na ni nani anayemlinda?