Njia Nane, Wimbo Mmoja

 

Leo tungependa kufikiri pamoja nanyi juu ya chombo ambacho baadhi ya makanisa yetu wanacho, lakini kimefungiwa kabatini. Chombo hicho ni kinasa sauti cha njia nyingi. Washirika walifanya harambee. Kila mmoja alitoa kadiri ya uwezo wake, na akina mama wakaleta pesa za mayai na mboga. Kinasa sauti kikanunuliwa. Kilipotolewa sandukuni, watu wakatazama vile vitufe na vile vitaa, wakaogopa. Mmoja akasema, "Tumngoje kijana aliyesomea mambo haya." Kijana hajafika mpaka leo.

Na huku tukingoja, mambo yanapita. Mama mzee aliyejua nyimbo za zamani, nyimbo ambazo hazikuandikwa katika kitabu chochote, ameugua. Baba aliyeimba besi tangu kanisa likiwa la nyasi amezikwa. Kinasa sauti kiko kabatini, na sauti zao hazimo ndani yake. Ndiyo sababu tunasema jambo hili si la vijana peke yao.

Labda utauliza, chombo hiki kina tofauti gani na simu iliyo mfukoni mwangu? Simu hunasa yote yanayosikika mahali pale kwa pamoja. Ngoma ikiwa karibu, ngoma ndiyo itakayosikika. Akikosea mmoja, wimbo wote umeharibika. Kinasa sauti cha njia nyingi hutenga sauti. Kinanda kina njia yake, soprano njia yao, besi njia yao. Zote hukimbia pamoja kama mito inayokwenda bahari moja, lakini kila mto una kingo zake.

Fikira hii si ya jana. Mwaka 1957 mpiga gitaa wa Marekani, Les Paul, alipata mashine ya njia 8 iliyotengenezwa na kampuni ya Ampex. Ilikuwa kubwa mno, wala mtu wa kawaida hakuweza kuwa nayo. Mwaka 1979 kampuni ya TASCAM ilitoa mashine ya mezani iliyoitwa Portastudio, yenye njia 4 juu ya kaseti ya kawaida, na watu wakaanza kurekodi nyumbani kwao. Siku hizi kaseti imeondoka, na sauti huandikwa kwa tarakimu katika kadi ndogo kama stempu ya barua. Mashine kama TASCAM DP-008EX ina njia 8, nayo huweza kufanya kazi kwa betri 4 ndogo za kawaida. Basi hata kanisa lisilo na umeme lisijitoe katika mazungumzo haya.

Sasa, wewe uliye mgeni wa chombo hiki, uanzeje?

Siku ya kwanza usirekodi wimbo. Keti pamoja na mwenzako mmoja, mfungue kijitabu cha maelezo, na mjifunze mambo manne tu: kuchagua njia, kurekodi, kusimamisha, na kusikiliza. Hesabu kwa sauti kutoka moja mpaka kumi katika njia ya kwanza. Kisha mwenzako ahesabu katika njia ya pili huku akikusikiliza wewe. Mkisikia watu wawili wanahesabu pamoja, ninyi mmekwisha kuelewa nusu ya kazi. Vile vitufe vingine vyote vingoje. Mtoto hafundishwi herufi zote siku moja.

Na usipopata sauti yoyote, usiseme mashine imekufa. Tazama waya kama umeingia vizuri. Tazama kama umechagua njia ya kurekodia na taa yake inawaka. Tazama pia maikrofoni yako, kwa maana ziko zile zinazotaka kupewa umeme kutoka katika mashine, na ziko zile zisizotaka. Mara nyingi shida ya mwanafunzi ni moja katika hizo tatu.

Siku ya pili jifunze kupima sauti. Hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa sababu kuna vidude viwili vya sauti. Kimoja hupima sauti inayoingia. Kingine hupima sauti unayosikia baada ya kuingia. Hivi viwili ni kama milango miwili ya ghala. Mahindi yakiingia mabichi, hayatatoka makavu, hata ukiufungua mlango wa pili namna gani. Sauti ikiingia imepasuka, itabaki imepasuka. Ukipunguza baadaye, utapata sauti ndogo iliyopasuka.

Kaseti za zamani zilivumilia sauti iliyozidi kidogo. Tarakimu hazivumilii. Mashine hupima sauti mara 44,100 kwa kila sekunde moja, na ina kikomo chake cha juu kabisa. Kinachopita kikomo hukatwa kama majani kwa panga. Kwa hiyo, unapopima, usimwambie mwimbaji aseme tu "moja, mbili". Mwambie aimbe ule ubeti anaoimba kwa nguvu zake zote. Kisha acha nafasi juu. Kipimo kikifika karibu na alama ya kumi na mbili chini ya kikomo mahali penye nguvu, inatosha.

Siku ya tatu, chukua karatasi na kalamu kabla hujagusa mashine. Hiyo DP-008EX tuliyoitaja, ingawa ina njia 8, hurekodi njia 2 tu kwa wakati mmoja. Basi lazima upange. Njia ya kwanza, kinanda, na mbele yake mtu ahesabu, "moja, mbili, tatu, nne," ili wote wajue pa kuanzia. Njia ya pili, kiongozi wa wimbo. Ya tatu, soprano. Ya nne, alto. Ya tano, tena. Ya sita, besi. Ya saba, kayamba. Ya nane, ngoma. Andika, na ubandike ukutani. Wimbo wa dakika 4 katika njia zote 8 utachukua megabaiti 170 hivi katika kadi yako, kwa hiyo jua pia una nafasi kiasi gani.

Wanaoimba juu ya kilichokwisha kurekodiwa ni lazima wasikilize kwa hedifoni. Wakisikiliza kwa spika, sauti ya spika itaingia tena katika maikrofoni, na zile kingo za mito zitakuwa zimebomoka. Mwimbaji na aache sikio moja wazi kidogo, apate kujisikia mwenyewe. Na kosa likitokea mstari wa tatu, hakuna haja ya kurudia wimbo mzima. Mashine huweza kuingia katika mstari ule peke yake, ikarekodi upya na kutoka. Zoeza jambo hilo na wimbo usio wa muhimu kwanza.

Ndugu wasikilizaji, tukifika hapa twafika mahali pagumu, na ugumu wake hauko katika vitufe.

Kwaya iliyozoea kuimba pamoja ikigawanywa katika njia, siri hujulikana. Tena ambao kila Jumapili husikika vizuri, wakiachwa peke yao, hawaujui ule mstari wa mwisho. Walikuwa wakiegemea soprano. Mwimbaji ambaye wote humsifu kwa nguvu zake anaonekana yuko juu kidogo ya wenzake, na yule asiyetambuliwa na mtu, anayesimama nyuma karibu na dirisha, ndiye aliyekuwa akiishikilia alto yote.

Mwalimu wa kwaya afanye nini na ujuzi huo? Aweza kucheza ile njia ya mtu mmoja mbele ya watu wote, wakacheka. Mtu huyo hatarudi Jumamosi ijayo. Au aweza kumwita kando baada ya mazoezi, akampa hedifoni, akamwambia, "Hebu sikiliza hapa, ndugu yangu. Tufanye pamoja polepole." Mashine ni ile ile. Kinachotofautiana ni mkono ulio juu yake.

Tena liko jambo lililo zito zaidi. Mwisho wa kazi huja kuchanganya. Hapo mtu mmoja huketi na njia zote 8, akaamua ipi ipande na ipi ishuke, ipi ikae kulia na ipi kushoto, na mwangwi utiwe kiasi gani. Huyo mama mzee ambaye sauti yake hutetemeka, kama amerekodiwa katika njia yake, aweza kuteremshwa mpaka chini kabisa. Kaseti au kadi ikichezwa, hatasikika. Hakuna aliyemkataza kuimba. Alikuja, aliimba, alikwenda nyumbani na furaha. Lakini amenyamazishwa, na yeye hajui mpaka siku atakapoketi na wajukuu wake kusikiliza, akijitafuta asijione.

Twasema hivi kwa sababu mwanafunzi wa chombo hiki atakabidhiwa uwezo huo mapema kuliko anavyodhani. Basi ajifunze kuchanganya kwa kuanza na njia zote zikiwa chini, apandishe moja moja, na kila moja aiulize, "Wewe una nini cha kuuongezea wimbo?" Sauti inayotetemeka yaweza kukaa mahali pake, si juu sana, si chini sana, ikawa ndiyo inayowafanya watu wajue kwamba hii ni kwaya yao. Kisha asikilize kazi yake katika spika ndogo, na ndani ya gari, na katika redio ya jirani, maana huko ndiko itakakosikilizwa.

Katika 1 Nyakati sura ya 25 tunasoma juu ya waimbaji wa hekalu. Idadi yao walikuwa 288, nao walikuwa wamefundishwa. Zamu zao zilipigiwa kura, mdogo sawasawa na mkubwa, mwalimu sawasawa na mwanafunzi. Tazameni hapo. Mwanafunzi hakuambiwa angoje nje mpaka awe bingwa. Alipewa zamu yake, na alijifunza kazini. Lakini pia hakuachwa bila kufundishwa. Na yule mtumwa wa Mathayo 25 aliyeificha talanta ardhini, neno alilotoa kama sababu lilikuwa hofu. Kabati lenye kufuli laweza kuwa shimo kama lile.

Kwa hiyo tunawaomba, ninyi wazee wa kanisa na ninyi walimu wa kwaya, juma hili mfungue kabati lile. Wachagueni watu wawili, mmoja kijana na mmoja mtu mzima, wasaidiane. Wapeni mwezi mmoja wa kujifunza bila kudaiwa wimbo wowote. Waonyeni wasichomoe umeme wakati mashine inaandika katika kadi, bali waizime kwa kitufe chake, na kila kazi waitilie nakala mahali pa pili, kwa kuwa kadi pia hufa.

Na wimbo wa kwanza kabisa kurekodiwa usiwe ule mpya unaopendwa sana. Mwendeeni yule mama mzee nyumbani kwake. Mwekeeni maikrofoni, mkae kimya, aimbe. Njia moja tu yatosha. Zile saba nyingine zaweza kungoja. Yeye hawezi.