Kwa Nini Vishikwambi Hushindwa Sokoni: Mafunzo kutoka Garsen na Tana River



1. Utangulizi

Katika muda wa miaka kumi na mitano hivi, Kenya imepokea vifaa vingi vya kidijitali vilivyotangazwa kwa shangwe. Vingine viliundwa ng'ambo, vingine viliunganishwa papa hapa nchini. Vichache vimedumu. Maduka ya simu ya Garsen, Minjila au Hola, katika kaunti ya Tana River, yanauza zaidi majina yale yale: Tecno, itel, Infinix, Samsung, na simu za Neon za Safaricom. Kishikwambi, yaani tableti, kikipatikana huwa kimekaa kwenye kabati la kioo kwa muda mrefu.

Mada hii inatafuta sababu. Hoja yangu ni kwamba mnunuzi halipii kifaa peke yake. Analipia programu zitakazofanya kazi ndani yake, fundi atakayekitengeneza, mtandao utakaokishika, na njia ya kukilipia. Kampuni iliyoshika mambo hayo manne ndiyo inayoshika soko, hata kama kifaa cha mpinzani wake ni bora. Mtu anayetaka kuleta kishikwambi kipya Tana River, awe mfanyabiashara, mfadhili au serikali, hana budi kuanzia hapo.

2. Kizuri hakijiuzi

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Soko la vifaa vya elektroniki limewapinga mara nyingi. Mwezi Julai 2011 kampuni ya HP ya Marekani ilitoa kishikwambi kiitwacho TouchPad, kwa bei ya kuanzia dola 499. Mfumo wake wa webOS ulisifiwa na wajuzi. Baada ya siku 49 tu kampuni ilitangaza kuacha kukitengeneza. Bei iliposhushwa hadi dola 99, watu waligombania vilivyobaki. Kwa dola 499 kilishindana na iPad, na iPad ilikuwa na maelfu ya programu zilizoundwa kwa ajili yake. TouchPad haikuwa nazo.

Simu za Windows nazo ziliandamwa na upungufu huo huo. Wengi wetu tunazikumbuka zile Lumia zenye rangi za kupendeza na kamera nzuri. Waundaji wa programu hawakuwa na haja ya kuwahudumia watumiaji wachache, na watumiaji hawakuongezeka kwa sababu programu hazikuwepo. Mwishoni mwa 2019 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu hizo. Kwa Mkenya, simu isiyo na WhatsApp imekwisha thamani, hata kama inawaka.

Huawei ilikutana na mkasa wa aina nyingine. Mwezi Mei 2019 Marekani iliiwekea vikwazo, na simu na vishikwambi vyake vipya vikakosa duka la programu la Google. Kampuni yenyewe ilikuwa kubwa na vifaa vyake vilikuwa imara, lakini nje ya China wateja wengi walianza kusitasita. Kama jabari wa namna hiyo anaweza kuyumba kwa kukosa programu, kampuni changa haina kinga.

3. Aliyeshika soko alifikaje?

Ni rahisi kusema kuwa Tecno na itel zimeshinda kwa bei nafuu. Bei ilisaidia, lakini simu za bei nafuu zilikuwapo kabla yao, nyingi zikiwa bandia. Mwaka 2012 mamlaka ya mawasiliano nchini ilizima simu bandia karibu milioni 1.9, na wengi walipoteza pesa zao siku hiyo.

Transsion, kampuni mama ya Tecno, itel na Infinix, ilianzishwa mwaka 2006 na ikaamua mapema kuiweka Afrika mbele. Ilileta simu za laini mbili, kwa kuwa Mwafrika hubadilisha laini akitafuta bando la bei nafuu. Ilileta betri zinazokaa na chaji muda mrefu, kwa kuwa umeme haupo kila nyumba. Ilirekebisha kamera zake ili zionyeshe vizuri nyuso nyeusi. Mwaka 2011 ilianza kuunganisha simu Ethiopia. Zaidi ya yote, ilijenga mtandao wake wa matengenezo, Carlcare, na ikapaka rangi maduka ya miji midogo. Ukuta wa buluu wenye jina la Tecno humwambia mteja kuwa kampuni hii itakuwapo hata mwakani.

Matokeo yake yanaonekana kwenye meza ya fundi. Fundi wa Garsen huweka akiba ya vioo na betri za simu anazoletewa kila wiki. Hawezi kuzika mtaji wake katika kioo cha kishikwambi ambacho huenda asiletewe mwaka mzima. Kwa hiyo mwenye kishikwambi hicho huambiwa spea itafutwe Mombasa, naye akipiga hesabu ya nauli na siku za kungoja, huona heri anunue simu. Kila anayefanya hivyo humwongezea nguvu yule aliyekwisha kutangulia. Fundi huzidi kuijua simu moja na kuisahau nyingine, na bei ya mitumba hufuata mkondo huo huo, maana simu inayotengenezeka ndiyo inayouzika tena.

4. Vishikwambi vyetu wenyewe

Mwaka 2013 serikali iliahidi kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza. Zabuni ya awali ilikwama katika kesi na mabishano, na mwaka 2016 kazi ikapewa makundi mawili: Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta pamoja na Positivo BGH ya Amerika Kusini, na Chuo Kikuu cha Moi pamoja na JP Sá Couto ya Ureno. Vifaa zaidi ya milioni moja viligawiwa shule za msingi za umma zaidi ya 20,000, za Tana River zikiwemo. Mwaka 2019 Kenya ilifanya sensa yake ya kwanza isiyotumia karatasi, kwa vishikwambi zaidi ya 160,000 vilivyotoka katika vyuo hivyo viwili. Sensa hiyo ndiyo iliyotuhesabu wakazi 315,943 katika kaunti hii. Kwa hiyo uwezo wa kuunganisha kifaa kinachofanya kazi tunao.

Kampuni ya BRCK ya Nairobi nayo ilitoa Kio Kit mwezi Septemba 2015: sanduku lenye vishikwambi 40 visivyoogopa kuanguka wala kumwagikiwa maji, vinavyochajiwa bila waya, na chombo kidogo kinachotunza masomo hata pasipo intaneti. Kwa shule ya kijijini kama ya Chara au Ozi, ungedhani limebuniwa kwa ajili yake. Lakini sanduku moja liligharimu takriban dola 5,000, na mnunuzi wake alilazimika kuwa mfadhili, kampuni au serikali.

Hapo ndipo penye udhaifu wa vifaa hivi vyote. Viliingia kwa zabuni au kwa msaada, havikupita dukani. Kifaa kisichopita dukani hakimpi fundi riziki, wala hakimfanyi mwenye duka aagize chaja zake. Kikiharibika shuleni, mwalimu mkuu hana pa kukipeleka, na kwa kuwa ni mali ya serikali anaogopa hata kukifungua. Wakati huo huo mwalimu hujaza fomu za TPAD za tathmini ya walimu na kupakia alama za baraza la mitihani, KNEC, kwa simu yake ya mfukoni, kwa bando alilonunua mwenyewe.

Linganisha na simu za Neon. Mwezi Oktoba 2023 kiwanda cha Athi River, chenye ubia wa Safaricom, Jamii Telecommunications na kampuni ya Kichina, kilizinduliwa, na Neon Smarta ikauzwa KSh 7,499. Nayo iliunganishwa Kenya kwa vipuri vya kuagiza. Tofauti ni kwamba ilizaliwa ikiwa na maduka ya Safaricom nchi nzima na mpango wa mkopo uliokwisha kuanza. Kuunganisha kifaa nyumbani ni hatua moja. Kukipatia soko ni kazi nyingine.

5. Kishikwambi kati ya simu mbili

Kishikwambi kina maadui wawili. Chini yake ipo kabambe, ile mulika mwizi ya tochi na vitufe. M-PESA, iliyoanza mwaka 2007, imo ndani ya laini, hivyo kabambe hutuma na kupokea pesa bila intaneti. Mfugaji aliyeuza ng'ombe katika soko la mifugo la Garsen hahitaji zaidi ya hapo ili alipwe. Kishikwambi cha Wi-Fi pekee hakina mahali pa kuweka laini, na vingine vyenye laini hukubali bando tu. Juu yake ipo simu janja, ambayo kioo chake kimekua hadi inchi sita na zaidi. Filamu, masomo na magazeti, kazi tulizoambiwa ni za kishikwambi, sasa hufanyika kwenye simu. Hata Google ilitangaza mwaka 2019 kuacha kuunda vishikwambi, kisha ikarudi tena mwaka 2023.

6. Mambo ya Tana River yenyewe

Kwanza ni mtandao. Mawimbi ya masafa ya chini husafiri mbali, na Safaricom hutumia pia masafa ya megahezi 800 kufikisha 4G. Vishikwambi vingi vya mitumba vilivyoundwa kwa soko la Marekani havishiki masafa hayo. Mteja hukijaribu mjini Mombasa kikafanya kazi vizuri, akifika kijijini kinarudi kwenye 3G au kinanyamaza kabisa. Lawama humwangukia muuzaji.

Pili ni umeme na maji. Kioo kikubwa hula chaji, na mwenye kuchaji kwa sola ndogo ataanza na simu. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na ya 2024 yalikata barabara ya Garsen kwenda Lamu katika eneo la Gamba. Spea inayotegemea gari la kutoka Mombasa hungoja maji yashuke.

Tatu ni mkopo, na hapa nataka tutulie kidogo. Mpango wa Lipa Mdogo Mdogo wa Safaricom ulianza Julai 2020 kwa malipo ya KSh 20 kwa siku. Kampuni ya M-KOPA nayo hukopesha simu kwa malipo madogo ya kila siku. Asiyelipa, simu hujifunga. Utaratibu huo unamfaa mwendesha bodaboda, anayeshika pesa kila jioni. Mkulima wa maembe wa Kipokomo hushika pesa wakati wa msimu, wa mpunga baada ya kuvuna, na mfugaji wa Orma au Wardei siku anayouza mnyama. Wakubwa wa soko hawajampangia mteja huyu. Huo ndio mlango ulio wazi kwa kampuni ndogo: kifaa kinacholipiwa kwa msimu, kupitia chama cha ushirika au kikundi cha akina mama.

7. Mapendekezo

(a) Shule isipokee vifaa bila mkataba wa spea. Kila shehena ije na asilimia fulani ya betri, vioo na chaja, na chaja iwe ya Type-C, inayouzwa katika kila duka la simu.

(b) Vyuo vya ufundi vya kaunti vifundishe matengenezo ya vishikwambi, na mafundi waliopo Garsen, Tarasaa na Hola wapewe idhini ya maandishi kufungua vifaa vya shule.

(c) Mfanyabiashara achague aina moja au mbili tu, aulize masafa ya mtandao kabla ya kuagiza, na aweke spea kabla ya kuweka tangazo.

(d) Waundaji wa programu waweke masomo yasiyohitaji intaneti, kwa Kiswahili chepesi, yafunguke pia kwenye simu za Android. Kazi yao isife kifaa kimoja kikifa.

(e) Serikali itazame upya kodi. Mwaka 2009 simu ziliondolewa kodi ya ongezeko la thamani (VAT), nayo ikarudishwa mwaka 2013. Mwaka 2022 simu zinazoagizwa ziliongezewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 10. Mzigo huo humwelemea zaidi mgeni wa soko, asiyeagiza kwa wingi.

8. Hitimisho

Mpinzani mkubwa hashindwi kwa kioo kizuri zaidi. Hushindwa pale asipofika, na Tana River ina mahali pengi asipofika: mkulima wa msimu, shule isiyo na fundi, kijiji kinachokatika mvua ikinyesha. Nawaomba walimu wakuu waliomo humu, siku watakapoletewa vifaa vipya, kabla ya kutia sahihi wamuulize mletaji maswali matatu: nani atavitengeneza, spea zitatoka wapi, na kikiharibika kimoja tutangoja siku ngapi. Asiye na majibu, arudi navyo hadi ayapate.