Mgeni Mbele ya Ukurasa wa Kanisa

Makanisa ya Kenya yalipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, na hata yalipofunguliwa Julai kwa masharti ya waumini wasiozidi 100 na ibada isiyopita saa moja, mengi yalihamia YouTube na Facebook na kurusha ibada mubashara, yaani papo hapo inapoendelea. Hatua hiyo iliwahifadhi waumini waliokuwapo, lakini haikumfikiria sana mgeni, ambaye kwake ukurasa wa kanisa ndio baraza anapochungulia kabla ya kupiga hodi.

Mgeni huyo hukutana kwanza na msamiati wa wenyeji, kwa kuwa maneno kama kigango, ambacho kwa Wakatoliki ni tawi la parokia, au jumuiya, yaani familia jirani zinazosali pamoja nyumbani, huachwa bila maelezo kana kwamba kila asomaye alibatizwa hapo. Saa nayo hutatiza: "saa 1:00" ni asubuhi kwa Mswahili, ilhali aliyezoea saa za Kizungu huweza kudhani ni mchana, na utata huo ungeondolewa na neno moja tu, "asubuhi". La kushangaza, au pengine si la kushangaza, ni kwamba mara nyingi namba ya kutumia sadaka kwa simu huwekwa juu kabisa, huku kituo cha kushukia matatu, mavazi yanayotarajiwa na mahali watoto wanapokaa vikikosa hata mstari mmoja, ingawa ndivyo vinavyoamua kama mtu atafika Jumapili au ataendelea kutazama akiwa kitandani.